Dude Zima

Amplifaya ya baba ilikuwa na umri sawa na wangu, na kwa tabia tulifanana: ukiigusa vibaya, inakoroma. Ilikaa juu ya kabati la sebuleni, pana kama sanduku la nguo, na ikishawaka saa nzima unaweza kuiota kama moto. Baba aliiita Dude. Usiweke glasi juu ya Dude. Dude limeamka vibaya leo.

Jumapili hiyo nilifika nimekumbatia boksi lenye amplifaya mpya, na nilikuwa na jambo langu. Wacha niliseme kabisa. Miezi minne nyuma, ndoa yangu ilipokwisha, nilikuja sebuleni humo humo, nikakaa kwenye kigoda changu cha siku zote, kushoto kwa kiti cha baba. Muziki ulikuwa unaendelea. Nikamwambia, "Baba, naomba nirudi nyumbani." Nilisema kwa sauti ndogo, maana niliona aibu. Yeye alikuwa amefumba macho. Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili, mara tatu.

Sikuuliza tena. Nilipanga chumba nyuma ya gereji ya malori, nikawa namtembelea kila Jumapili kama mgeni, nusu saa, mkoba mapajani. Nilimchukia. Si sana, lakini nilimchukia, na nilikuwa nikirudi kwenye kile chumba nazimalizia hasira zangu kwenye jiko.

Sasa nilitaka kuuliza mara ya pili na ya mwisho. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto: muziki ukirudi, moyo wake utalainika, na mimi nitapata pa kuanzia. Akikataa tena, basi, nitajua sina kwetu.

Muziki ulikuwa umetoweka kwa sababu baba alianza kulalamika kwamba spika ya kushoto haitoi kitu. Hakuna aliyebishana naye. Baba ni fundi saa. Miaka arobaini amekuwa akiweka saa za watu sikioni na kuwaambia ugonjwa wa saa kabla hajafungua mfuniko. "Sikio hili ndilo limekusomesha," huniambia nikijitia ujuaji. Basi akamwita fundi wa redio, yule tunayemwita Volti, aje apime Dude wakati yeye yuko dukani. Volti akapima, akafunga vifaa vyake, akasafiri kwenda kwa wakwe zake. Kwa kuwa baba siku hizi hapendi kupokea simu, anasema mtandao mbovu, Volti akamtumia ujumbe: "Shikamoo mzee. Nimelipima lote. Dude zima."

Baba alinisomea ujumbe huo, kisha akanipa simu nisome mwenyewe. Watu wawili wenye akili timamu tukakubaliana kwamba tumeambiwa tuzime.

"Si nilisema?" baba alifurahi kweli kweli. "Limekwisha. Lingetuunguzia nyumba."

Nikachomoa waya ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Wiki tatu sebule ile ilikaa kimya, na baba jioni alikuwa anakaa kwenye kiti chake akiangalia kabati.

Kwa hiyo nilipofungua boksi alisimama nyuma yangu kama msimamizi wa ujenzi. Tulilishusha Dude sakafuni, na chini yake tukakuta vumbi la tangu sijaota meno. Nikaunganisha waya za spika, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, nikavuta kila moja kuhakikisha imeshika. Mpya ilikuwa nyembamba na nyepesi, na baba hakuificha dharau yake.

"Hii ni amplifaya au sinia?"

"Kaa, baba. Sikiliza kwanza."

Akakaa. Nikawasha. Muziki ukajaa chumba, safi, mpaka nikasikia vidole vya mpiga gitaa vikiteleza kwenye nyuzi. Nikamgeukia nikitabasamu. Alikuwa amekunja uso.

"Kushoto bado hamna kitu," alisema. "Umeuziwa mbovu."

Nikainama kwenye spika ya kushoto, nikaweka sikio. Ilikuwa inaimba kama ya kulia. Nikahama, nikarudi. Zilikuwa sawa. Hapo nikachukua simu nikampigia Volti, nikaweka sauti ya nje na kuipandisha mpaka mwisho, maana hasira zilishanipanda na nilitaka mtu wa kugombana naye.

"Fundi, wewe si ulisema tuzime dude? Tumeleta jipya na kushoto bado mzee hasikii!"

"Nani kasema mzime?" Volti alipiga kelele. "Dada, mimi nilisema dude zima! Zima! Halina ugonjwa! Linakwaruza kidogo kwa uzee, lakini pande zote mbili zinapiga. Mlilizima?"

Nilianza kucheka. Ilikuwa ni kicheko cha kujiaibikia, kile kisichoshikika. Kisha nikamwona baba, nikaacha.

Alikuwa amevua saa yake ya mkononi. Aliiweka kwenye sikio la kulia, akasikiliza. Akaihamishia la kushoto. Akasubiri kwa muda mrefu, kama anavyomsubiri mteja aliyesahau kutaja jina. Akairudisha kulia.

"Dude zima," alisema. "Mbovu ni mimi."

Nikazima muziki. Sikio hilo ndilo lililonisomesha.

"Kesho nitakupeleka kwa daktari wa masikio," nikasema. "Na kwenye simu shida sio mtandao, baba. Utapokea na simu."

Alitikisa kichwa taratibu, mara mbili, mara tatu. Nikauliza, "Hutaki?"

"Sijakataa. Muziki umezimwa lakini bado unanipigia kichwani." Akaivaa saa. "Sikio limeanza miezi mitano, sita hivi. Nilijua. Mtu anajua. Ila nilipenda liwe Dude."

Miezi mitano, sita. Nilikitazama kigoda changu, pale kushoto. Nikakinyanyua, nikazunguka nyuma ya kiti chake, nikakiweka upande wa kulia. Nikakaa.

"Baba, kuna siku nilikuambia kitu nikiwa nimekaa pale. Muziki ulikuwa unapiga."

"Kitu gani?"

"Niliomba nirudi nyumbani."

Akanigeukia mwili mzima. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Miezi yote hii," alisema, "najiuliza mbona mtoto wangu amepanga chumba kwenye moshi wa malori, kwao kupo. Nikasema basi, hataki kukaa na mzee. Nikaona nisikulazimishe."

"Nataka, baba. Nataka kurudi nyumbani."

"Sema tena."

Nikasogea karibu zaidi. "Hujasikia?"

"Nimesikia," baba alisema. "Sema tena."