Wapagazi wa Pantoni ya Pangani

Mwezi wa Machi mwaka 1949, Hilari Kasimiri aliandika barua kumi na tisa kuhusu safari ya pwani ambayo yeye mwenyewe hakuwamo. Alikuwa karani wa Chama cha Wapenda Viumbe, chenye wanachama kumi na mmoja, wote Wazungu wa Tabora, na ofisi yao ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama reli. Katibu wa chama alikuwa mzee mpole wa kaptula, aliyebeba wavu wa kunasia vipepeo hata alipokwenda posta. Watu wa mjini walimwita Bwana Kipepeo, naye aliitika.

Mpango ulikuwa hivi. Mwezi wa Julai, barabara zikishakauka, magari mawili na lori moja yangefuata njia ya zamani ya misafara hadi Bagamoyo. Kutoka hapo yangepanda kaskazini kando ya bahari, yakivushwa mito kwa pantoni, hadi Pangani, ambako wanachama walitaka kuona ndege wa mikokoni na kasa wanaotaga mchangani. Hilari aliuliza kwa barua daraja lipi limevunjika, petroli inapatikana wapi, pantoni inabeba magari mangapi. Hakuwa ameiona bahari. Kwenye ramani aliyoichora aliipaka wino wa buluu, na wino ukamwishia kabla hajafika Tanga.

Jibu la Pangani lilifika wiki ya Pasaka. Liliandikwa kwa hati nzuri na Saidi bin Humaidi, msimamizi wa pantoni. Alisema pantoni yake hubeba gari moja kwa mara moja, ila kwa sasa hata hilo ni shida, kwa sababu wamo Wanyamwezi sitini na wawili.

“Ni wapagazi wa zamani za pembe za ndovu,” aliandika. “Walikufa kwa ndui hapa ukingoni, na tajiri wao akaenda zake bila kuwaaga. Hawana uzito, lakini wanachukua nafasi. Tukifika ng’ambo hawashuki, wanasema hakuna aliyewaambia kuwa kazi imekwisha. Mmoja anaitwa Shilinde wa Ntalikwa. Anauliza kama mimba aliyoiacha nyumbani ilizaliwa salama, na ni mtoto gani.”

Hilari aliisoma barua mara mbili. Jioni alipanda baiskeli mpaka Ntalikwa, kwa mama yake. Marcelina alikuwa amekaa kibarazani akimenya karanga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Mbona umekuja, na leo si Jumamosi?”

“Babu Shilinde yuko Pangani. Anauliza kama ulizaliwa.”

Marcelina aliendelea kumenya karanga mpaka bakuli likajaa. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, na baba yake alikuwa ameondoka na msafara miezi mitano kabla ya yeye kuzaliwa.

“Mwandikie nilizaliwa,” alisema. “Mwambie ni msichana. Mwambie naitwa Kalunde, hilo la ubatizo hatalijua.” Alikung’uta maganda kwenye kanga. “Na aje nyumbani. Nitamchimbia kaburi kando ya mama.”

Kesho yake Hilari alimpelekea Bwana Kipepeo barua ya Saidi. Mzee aliisoma akiwa amesimama, akageuza karatasi kuona kama nyuma pameandikwa kitu juu ya kasa.

“Wakishuka, magari yatavuka?”

“Yatavuka, Bwana. Wanataka tu kuambiwa kazi imekwisha. Naomba chama kiwaandikie.”

“Sitini na wawili,” alisema Bwana Kipepeo. “Na wanajua kubeba?”

“Walikuwa wapagazi, Bwana.”

Bwana Kipepeo alikwenda dirishani akalitazama lori la chama, ambalo springi zake zilikuwa zimechoka. Wazo la lori hilo kurudi na masanduku ya maua yaliyokaushwa na mayai ya ndege lilikuwa limemkosesha raha tangu Januari. Alisema jambo hili lingewafaa wote. Wapagazi wangerudi kwao, na mayai yangesafiri vichwani mwa watu, pasipo kutikiswa.

Hilari alisita. Kisha akafikiria kaburi ambalo mama yake alikuwa ameanza kulipima kwa miguu nyuma ya nyumba. Akakaa kwenye taipureta akaandika kwamba kazi ya zamani imekwisha, na kwamba kuna kazi nyingine, ya kwenda Tabora. Akajaza fomu ya vibarua. Pale palipouliza mahali pa kuajiriwa aliandika Pangani, kwa kuwa ndiko walikokuwa.

Aliomba na yeye awemo kwenye safari. Bwana Kipepeo alimwambia kwa upole kwamba nafasi ni za wapenda viumbe.

Wanachama waliondoka Julai, wakarudi baada ya wiki nne wakiwa wamebabuka pua, wakisifu mikoko. Wapagazi waliingia mwishoni mwa Septemba, Jumanne, saa nne asubuhi. Walikuja kwa mstari mmoja kutoka upande wa Tura, kila mmoja na sanduku kichwani, na vumbi halikuinuka walipopita. Wenye baiskeli walisimama pembeni. Wanawake wa sokoni waliwatolea maji, kama walivyofanya bibi zao. Wapagazi walishukuru, hawakunywa.

Marcelina alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya chama tangu alfajiri, amevaa kanga mpya. Alimtambua baba yake, aliyekuwa wa nne kwenye mstari, kwa sababu alikuwa Hilari mtupu, ila kijana zaidi. Alikuwa amekufa akiwa na miaka ishirini na minne. Mama mtu mzima alipiga magoti mbele ya kijana yule.

“Mwangaluka, baba.”

“Mwangaluka, mwanangu. Ndiwe Kalunde?”

“Ndiyo mimi.”

Hakuweza kumwinua, mikono yake ilikuwa imeshika sanduku la mayai. “Mama yako yuko wapi?”

“Alikufa mwaka wa njaa.”

“Alinisubiri?”

“Alisubiri masika manne. Kisha akaolewa na mtu wa Sikonge, mwenye mizinga ya nyuki.”

Shilinde alilisawazisha sanduku kichwani. “Alifanya vizuri,” alisema. “Asali haikosekani huko.”

Masanduku yalipangwa barazani. Hakuna yai lililokuwa limepasuka. Bwana Kipepeo alimpa kila mpagazi mkono, na machozi yalimlenga. Hapo Hilari akamwambia kwamba mama yake anataka kumchukua mzee wake Ntalikwa, kaburi liko tayari, na wengine nao wana kwao.

Bwana Kipepeo alivua kofia. Alisema anasikitika sana. Kwa mujibu wa kanuni za vibarua, mtu aliyeajiriwa mkoa mwingine lazima arudishwe mahali alipoajiriwa, na fomu ilisema Pangani.

“Walizaliwa hapa, Bwana.”

“Najua, Hilari. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyeandika.”

“Nitaandika nyingine sasa hivi.”

“Ile imekwisha kupigwa mhuri Dar es Salaam.” Alimshika karani wake bega. “Kanuni hii iliwekwa kwa ajili ya kuwalinda, watu wasitelekezwe mbali na kwao.”

Hilari alikwenda kumweleza babu yake. Alizungumza akitazama chini. Shilinde alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama ni yeye aliyeandika ile barua ya kusema kazi imekwisha.

“Ni mimi, babu.”

“Tuliifurahia,” alisema Shilinde.

Walipewa siku tatu za kupumzika. Shilinde alizikaa Ntalikwa, kwenye kibaraza cha binti yake. Marcelina alimpikia ugali na mlenda, akaula mwenyewe mbele yake, akimsimulia miaka hamsini na tisa kwa mpango, tangu meno ya kwanza. Alipofika kwenye kifo cha mumewe Kasimiri siku zikawa zimekwisha.

Ijumaa wapagazi walijipanga tena. Kwa kuwa walikuwa wanakwenda pwani vyovyote vile, walikabidhiwa viti na mahema ya safari ya mwaka unaofuata. Marcelina alimsaidia baba yake kujitwisha, akamwekea kata ya majani kichwani mzigo usimuumize. Akatembea nyuma yake hadi mwisho wa mji, pale miombo inapoanzia, akasimama.

Hilari hakuacha kazi. Alikuwa na watoto wawili shuleni. Jumamosi alikwenda Ntalikwa kufukia lile kaburi, mama yake akamkataza.

Mvua za Desemba zilipoanza, kaburi lilijaa maji, na vyura wakaja. Walikuwa wadogo, wa kijani, na sauti yao ilisikika hadi barabarani. Habari zikafika kwenye chama. Bwana Kipepeo alikuja na wanachama wawili, wakalala kifudifudi pembeni ya shimo na vioo vyao vya kukuzia, wakanong’onezana kwa furaha. Walisema vyura wa aina ile ni adimu sana, na wakamwomba mama mwenye nyumba asiliguse shimo.

Marcelina aliwaletea mkeka, wasilowe.