Radhi ya Bi Mwanawema

Bi Mwanawema alikuwa anakwenda Hijja, na kijiji kizima cha Msuka kilijua kuwa bado hajapata radhi ya Safaa. Wiki nzima alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuaga na kuwataka watu msamaha kwa aliyowakosea, kama afanyavyo kila anayekwenda Makka, na kila nyumba ilimpa radhi na kikombe cha chai. Nyumba ya Safaa aliiacha ya mwisho, akitumai pengine lile lililomkwama rohoni litajitoa lenyewe.

Yalianza wakati wa vuli, katika ghala la mwani la kampuni moja ndogo. Wanawake wa hapo waliuanika mwani, wakauchambua mchanga na kamba, wakaushindilia kwenye magunia. Msimamizi wao alikuwa Himid, kijana aliyetoka mjini Chake Chake, lakini mwenye ghala hasa alikuwa Bi Mwanawema. Yeye ndiye aliyewaingiza kazini karibu wote, ndiye aliyewakanda walipojifungua, na akicheka yeye ghala zima lilicheka, hata wale ambao hawakusikia kilichosemwa.

Ijumaa moja watu walirudi makwao mapema, akabaki mwenye zamu ya kuangalia mwani usinyeshewe. Zamu ilikuwa ya Bi Mwanawema. Safaa, mmoja wa wanawake wa ghalani, alikutana naye njiani amejipamba, anakimbilia gari, akamwambia anakwenda Konde kwenye hina ya harusi ya mtoto wa dada yake na atarudi sasa hivi. Hiyo sasa hivi yake ilifika usiku. Mvua ilikuwa imeshapiga, na mwani wote uliokuwa juu ya vichanja ukaharibika.

Kesho yake Himid aliuliza nani alikuwa zamu. Safaa akajibu kama mtu aliyeulizwa saa: Bi Mwanawema, ila alikwenda hinani. Hakujua kama anachongea. Kwa akili yake, ni nani asiyeelewa hina? Alidhani Himid atanung'unika kidogo kisha yaishe.

Bi Mwanawema hakupandisha sauti. Alimtazama kwa huruma kubwa, ile huruma ya kumtazamia mgonjwa. "Safaa, mwanangu," alisema, "zamu si yako jana?"

Himid akawageukia wengine. Shamima, mwenye ulimi mwepesi kuliko wote, alisema zamu ilikuwa ya Safaa. Aliyefuata akasema vivyo hivyo, na wa baada yake. Nusu yao walikuwa huko huko Konde, wamekula biriani ya hina pamoja na Bi Mwanawema. Wa mwisho alikuwa Rahma, rafiki wa Safaa tangu chuoni, walihitimishwa Kurani siku moja. Rahma alitazama kucha zake, hina ya jana bado mbichi, akasema zamu ilikuwa ya Safaa. Himid akaona wengi hawawezi kukosea. Hakumfukuza, alimpa onyo tu.

Basi wakamfukuza wao, bila ya kumgusa.

Ni watu wa dini, hilo tusiwanyime. Salamu yake waliijibu, kwa kuwa kuijibu ni faradhi. Safaa akiingia na kusema assalaamu alaykum, waliitika wote kwa pamoja, vizuri kabisa, kisha kimya. Hakuna aliyemuuliza habari za nyumbani wala mtoto kaamkaje. Saa ya chakula sinia liliwekwa kati kama siku zote, mihogo na dagaa, na Safaa akikaribia tu na kunyoosha mkono, mmoja alisema alhamdulillah kashiba, akanyanyuka. Na wa pili kashiba. Walishiba wote, wanawake walioshindilia magunia tangu alfajiri, wakamwachia sinia zima lililojaa. Siku za mwanzo alijilazimisha kula ili wasimwone kaumia. Baadaye alikula kwake asubuhi, na mchana akajitia anaswali sunna ndefu.

Kundi la ghalani la kwenye simu lilikufa ghafla. Wengine walihamia jipya, la zamani akabaki yeye na Himid, na Himid alikuwa akituma matangazo tu. Idi ilipokaribia walinunua kanga za sare, na hakuambiwa. Siku moja wakaja kazini wamezivaa wote, jina la kanga likimsema mtu mchongezi, wakakaa mstari mmoja kuchambua mwani, na Shamima akawa analisoma kwa sauti kama anayejifunza kusoma. Walicheka mpaka machozi. Rahma naye alikuwa nayo, na ilimpendeza.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya wanawake, madogo. Na wajaribu wao kwanza.

Kilichomuumiza Safaa zaidi si sinia wala kanga. Ni kwamba alianza kutojiamini. Akiosha vyombo aliirudia ile Ijumaa moyoni: gari, baibui jipya la Bi Mwanawema, neno sasa hivi. Aliirudia hata ikachakaa. Mbona watu wote wanasema zamu ilikuwa yangu? Watu wazima, wanaoswali. Pengine ilikuwa yangu. Pengine Bi Mwanawema nilimwona siku nyingine. Akisikia wanawake wanacheka njiani aligeuza akarudi nyumbani, hata kama hao ni wapita njia wasiomjua. Hamdan, mumewe, mvuvi, mtu mwema na mzito wa kuelewa, alimpeleka kwa shehe akaandikiwa kombe, aya za Kurani zilizooshwa kwa maji, akalinywa. Shehe alisema ni hasadi. Safaa alitaka kumuuliza kama kombe linaweza kumwambia mtu zamu ilikuwa ya nani, akaona aibu. Baada ya Ramadhani hakurudi tena ghalani. Bi Mwanawema alisikika akisema maskini, tulimpenda sana.

Kwa hiyo Hamdan alipomwambia kuwa Bi Mwanawema anakuja alasiri, Safaa hakuwa na haja ya kuombwa radhi. Alitaka jambo moja tu: yule mwanamke aseme mbele ya wale wale kwamba zamu haikuwa ya Safaa. Akilisikia hilo kwa masikio yake atajua kwamba hana wazimu. Hamdan alimsihi asimzuilie mtu mzima njia ya Nyumba ya Mungu. Maneno matatu tu, mke wangu, kisha ulale usingizi. Safaa akamwambia usingizi wake uko ndani ya kinywa cha Bi Mwanawema.

Walikuja wengi. Bi Mwanawema mbele, amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, wanawake wa ghalani nyuma yake na majirani nyuma yao, uwanja ukajaa. Hamdan alisimama mlangoni, akijitahidi kuchangamka. Safaa alitoka akasimama karibu na ukuta.

"Safaa mwanangu," alisema Bi Mwanawema, na sauti ilimtetemeka kweli, "mie ni ntu wa safari. Kama nilikukosea, kwa kujua ama kwa kutojua, niwie radhi."

"Ulinikosea nini, Bi Mwanawema?"

Shingo zote zikamgeukia. Si swali linaloulizwa. Radhi huombwa kwa jumla na hutolewa kwa jumla, hapo ndipo uzuri wake ulipo na hapo ndipo watu wanapojificha.

"Yale yaliyopita," alisema Bi Mwanawema.

"Yepi?"

Shamima akaingilia kati, akasema jamani bibi ana safari, ndege haimngojei ntu. Mwingine akasema Mungu mwenyewe husamehe, sembuse sie. Nwambie tu umesamehe, yakhe, yaishe. Sauti zikawa nyingi, za upole, zinamsukuma kutoka kila upande, na Safaa akazitambua. Ni zile zile za siku ya Himid. Hamdan naye, pale mlangoni, alisema taratibu, mke wangu, basi tena.

Bi Mwanawema alisogea akamkumbatia.

Na hapo ndipo mwili wa Safaa ulipomsaliti. Hakuna mtu wa ghalani aliyemgusa tangu vuli, hata bega kwa bega kwenye jamvi. Alikisikia kile kifua kikubwa chenye harufu ya udi, kilichowabembeleza watoto wao wote, na akalia. Hakutaka. Alilia kwa kwikwi, kichwa begani kwa mwanamke huyo, na uwanja mzima ukashusha pumzi.

Bi Mwanawema alimwekea mdomo sikioni. "Hukusema urongo," alinong'ona. "Zamu ilikuwa yangu. Mie najua, na wao wajua."

Safaa alinyamaza kulia papo hapo. Basi hakuwa mwendawazimu. Ilimpitia kama maji ya baridi, raha ya namna ambayo hakuwa ameipata kwa miezi. Akajivuta nyuma kidogo, akamshika mikono.

"Yaseme wasikie," alimwambia. "Maneno hayo hayo."

Bi Mwanawema alimtazama. Kwa kitambo kidogo ilionekana kama atayasema, maana macho yake yalijaa na mdomo ulifunguka. Kisha akawageukia watu, akajifuta machozi kwa upindo wa mtandio.

"Kanipa radhi," alisema. "Na kanituma nimuombee kwenye Al-Kaaba."

Vigelegele vikapasuka. Hamdan alisema alhamdulillah, uso umemng'aa kwa shukurani. Wanawake walimzunguka Bi Mwanawema wakimbusu mikono, majirani wakaanza kutoka kuelekea barabarani, na ilikuwa kama harusi.

"Sijasamehe," alisema Safaa.

Alisema kwa sauti yake yote, ila sauti yake yote ilikuwa ndogo siku hizi. Rahma peke yake ndiye aliyesikia, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu. Aligeuka, wakatazamana, na Safaa aliona wazi kwamba amesikia kila herufi. Kisha Rahma alimpa mgongo, akatia mkono mdomoni, akapiga kigelegele kirefu kuliko vyote.