Sisimizi Hawakuja

Joab, anayejiita daktari, ana kipaza sauti, ana picha ya figo, na ana leseni aliyoitia fremu. Leseni! Mkubwa mmoja alipiga muhuri akaenda zake kunywa chai, na mke wangu Mapenzi yuko kaburini, huu mwaka wa pili.

Sasa Joab kampata Mama Beverly, jirani yangu, tunayekaa naye nyumba moja huku Mji wa Kale. Sukari imemshika miaka tisa. Jumatatu alirudi kutoka kwa Joab, kule Mwembe Tayari, na chupa ya dawa ya miti, akaiweka mezani bila kuifungua.

"Kaniambia niache sindano kwanza," akasema. "Ati dawa mbili hazikai tumbo moja."

"Mwizi yule! Na wewe, mtu mzima, wadanganywa kama mtoto?"

"Shemeji Gunga, sijanywa bado. Lakini wewe ni matusi tu. Joab alinipa kiti, akaniuliza nalala vipi. Kule zahanati nani aliwahi kuniuliza?"

Hapo kasema kweli. Zahanati yenyewe ni dirisha, na mkono unaotoka dirishani.

"Na amesema utajuaje kuwa umepona?"

"Nikojoe mchangani. Sisimizi wasipokuja, sukari imekwisha."

Nikavuta kiti, nikakaa. Jambo hili sijamwambia hata mwanangu Samuel.

"Mapenzi aliambiwa hivyo hivyo. Akamwaga mkojo pale pembeni mwa ua, penye mchanga. Siku tatu, hakuja hata sisimizi mmoja."

"Nakumbuka. Alipiga vigelegele nyumba nzima tukasikia."

"Basi juma lile mimi nilikuwa nimemwaga mafuta ya taa palepale, maana sisimizi walikuwa wakituingilia kwenye unga. Nilimwona anavyocheka, Mama Beverly, nikaona haya kumwambia. Akaacha sindano. Mwezi haukwisha."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Sasa hili ndilo la kuniambia tangu mwanzo. Kwa nini ulianza na matusi?"

"Kumtukana Joab hakuniumi."

Akajifunga leso. "Twende zahanati. Lakini wakinifukuza, usinilaumu."

Msichana wa dirishani hakuinua uso. "Insulini hakuna. Labda gari lije leo, labda Alhamisi."

"Labda!" nikapaza sauti, foleni yote ikageuka. "Wakubwa wenu wakiumwa wanapanda ndege, sisi twapewa labda! Halafu mwashangaa watu wakienda kwa matapeli?"

"Shemeji, hebu nyamaza kidogo." Mama Beverly akanisogeza kando, akainama dirishani. "Dada, mimi nimebakiwa na dawa ya siku mbili tu. Nikae wapi nilingoje hilo gari?"

Hapo ndipo msichana alipoinua uso. Akamwonyesha benchi.

Tulikaa. Watu walikuja, wakaambiwa labda, wakaondoka. Mmoja alisema wazi kwamba anakwenda kwa Joab, na sikuwa na nguvu za kumfuata. Saa nane Mama Beverly akasimama, akachukua mkoba wake. Nikasema moyoni, basi, wamemshinda.

Akaenda hadi kwenye bomba, akanywa maji, akarudi akakaa.