Sheria ya Penseli

Shemeji yangu aliileta barua ile mwenyewe, Jumatatu saa nne asubuhi. Aliiweka juu ya meza yangu, kisha akarudi nyuma hatua mbili, na alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi ni mke wa kaka yake. Alipokuwa mwanafunzi alilala sebuleni kwangu na kula chungu kimoja na sisi. Sasa yeye ni makamu mkuu wa chuo hiki cha ufundi, na mimi ni mtunza maktaba wake kwa mwaka wa ishirini na nne. Nyumbani ananiita shemeji. Kazini, akiniita "ndugu mtunza maktaba", najua kuna balaa.

"Ndugu mtunza maktaba," alianza, "hili ni agizo. Lisome, usaini."

Barua ilikuwa fupi. Vitabu vyote vya teknolojia, mia tatu na kumi na viwili, vifutwe kwenye orodha kwa kuwa "havina thamani tena". Ijumaa saa tatu lori lingekuja kuvipeleka kiwandani, vikasagwe kuwa trei za mayai. Mahali pake zimenunuliwa tableti sitini zenye vitabu hivyohivyo ndani. Chini kabisa palikuwa na mstari wa sahihi yangu.

"Trei za mayai," nilisema.

"Ni karatasi tu, shemeji." Undugu wa kazini ulikuwa umeshamtoka. "Dunia imebadilika. Jumatatu ijayo mkaguzi anakuja, anataka kuona chumba cheupe chenye tableti. Siyo haya." Akazungusha mkono wa kulia kuonyesha rafu zangu. Wa kushoto ulikuwa mfukoni. Huwa mfukoni siku zote, maana vidole viwili vya mkono ule havikunjiki, na hapendi watu wavione.

"Sisaini."

"Shemeji, tafadhali."

"Nimesema sisaini. Nenda kamwambie mkuu wa chuo kwamba mke wa kaka yako amegoma."

Tusielewane vibaya. Mimi sina ugomvi na tableti. Zilipofika niliichukua moja nikakaa nayo siku nzima. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hii haikuwa kidonda. Ni nyepesi, maandishi unayakuza upendavyo, na neno unalolitafuta linakuja kabla hujamaliza kuliandika. Ina tatizo moja tu, na ili mlielewe lazima kwanza niwaambie habari ya penseli.

Maktaba yetu ina sheria ambayo sijaisikia kwingine. Iliwekwa na mwalimu wa kwanza wa karakana, mzee tuliyemwita Bisibisi kwa sababu hakuwahi kuonekana bila bisibisi kwenye mfuko wa shati. Bisibisi alisema kitabu cha ufundi si cha kusoma, ni cha kufanyia kazi. Alisema mwandishi wake alikaa mbali, hakuyaona maji yetu, wala vumbi letu, wala umeme wetu unaokuja na kuondoka bila hodi. Kwa hiyo kila aliyeazima kitabu, siku ya kurudisha, anaandika pembeni mwa ukurasa alichokifanya na kilichotokea. Anaandika kwa penseli, kwa sababu hata fundi hukosea, na anaweka tarehe na herufi za jina lake. Ukinirudishia kitabu kisafi nakuuliza, "Hukukifanyia kazi?" Na cha pili hupati.

Miaka yote hiyo watu wameandika. Kwenye kitabu cha pampu za maji mkulima mmoja aliandika: "Wanasema kaza mpaka mwisho. Msikaze mpaka mwisho. Mpira umepasuka, shamba limekaa siku tisa bila maji." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Kata mpira wa tairi la pikipiki, weka hapo. Mwaka wa tatu, haivuji." Kwenye kile cha mashine za kutakasia vyombo vya hospitali kuna mstari huu: "Maji ya kisima yanaacha chokaa. Safisha kila wiki, si kila mwezi kama walivyoandika." Na kwenye kitabu cha tanuri za mikate, pembeni mwa ukurasa unaoahidi kwamba tanuri litashika moto kwa dakika kumi, mwoka mikate aliandika neno moja tu: "Uongo."

Tableti zimeletwa na vitabu visafi. Tatizo lake ndilo hilo.

Jumanne nilimfuata shemeji ofisini kwake, kitabu cha mota za umeme kwapani na tableti mkononi.

"Fungua ukurasa wa themanini na nane," nilimwambia.

"Nina kikao."

"Basi nakufungulia mimi."

Nikaiweka tableti mbele yake. Kwenye ukurasa ule kuna mchoro wa kuunganisha mota. Waya wa kahawia, unaoleta umeme, umechorwa ukienda kwenye bodi la mota, lile ganda lake la chuma, na ule wa kijani, wa kuupeleka umeme ardhini, umechorwa ukienda kwenye swichi. Wachapaji walizibadilishia nafasi nyaya hizo. Ukiufuata mchoro ule, bodi zima la mota linakuwa na umeme, na wa kwanza kuligusa ndiye atakayewaambia wenzake, kama atakuwa na mdomo wa kusemea. Kwenye kitabu chetu kuna maandishi ya penseli pembeni mwa mchoro huo. Kwenye tableti pembeni ni peupe.

"Mwezi ujao wanafunzi arobaini wanafika sura ya mota," nilisema. "Watafungua hapa. Sikuombi makubwa. Nipe wiki tatu na simu yenye kamera, nipige picha kila ukurasa wenye penseli, tuziingize humo kwenye tableti zenu. Baada ya hapo mayai na yapate trei."

Hakukitazama kitabu. Alitazama dirisha.

"Kampuni imeshathibitisha kila kitu. Wiki tatu hazipo. Halafu shemeji, michoromichoro ile ni uchafu. Itatutia aibu."

"Itamtia aibu nani?"

Mkono ulizidi kuzama mfukoni.

"Usiposaini wewe," alisema mwishowe, "Ijumaa nitasaini mimi kwa niaba yako."

Nilitoka hasira zimenipanda hata nikaupita mlango wa maktaba, ikabidi nirudi nyuma. Kilichoniuma si kukatazwa. Nimekatazwa mengi maishani na bado nimenenepa. Kilichoniuma ni kwamba alijua ninasema kweli, akachagua chumba cheupe.

Jumatano mchana nilikaa peke yangu nikitazama ukuta. Kwenye ukuta ule kuna fremu iliyopinda yenye sheria za maktaba, zenye sahihi ya mkuu wa chuo wa kwanza. Hazijawahi kubadilishwa kwa kuwa hakuna anayezisoma, nami nikiwemo. Siku ile nilizisoma. Sheria ya sita: mkazi yeyote wa mji huu mwenye kadi anaweza kuazima vitabu vitano. Sheria ya saba: kitabu kilicho mikononi mwa msomaji hakifutwi mpaka kirudi. Sheria ya nane, na hapa nikamsikia Bisibisi mwenyewe akikohoa: kitabu cha ufundi hurudi kazi ikiisha.

Nilisoma mara tatu, nikacheka peke yangu kwa sauti. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mimi nilitakiwa kuinua kichwa tu, na ilinichukua miaka ishirini na nne.

Nikampigia simu Fundi Baridi. Huyu ni mwanamke anayetengeneza majokofu ya nusu ya mji, na ufundi wote aliupata kwenye meza yangu, bila siku moja ya darasa.

"Kadi yako ya maktaba unayo?"

"Imechakaa, Mama Penseli, lakini ipo. Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Trei za mayai?"

"Ndiyo."

"Kile cha majokofu, kile nilichokililia siku kompresa ya kwanza iliponishinda, ndiyo kikabebe mayai?"

"Hichohicho."

"Kesho fungua mapema," alisema, akakata simu.

Alhamisi saa moja na nusu nilikuta foleni imefika kwenye geti. Fundi Baridi alikuwa mbele na begi la kitambaa. Nyuma yake alisimama mtaalamu wa mashine wa hospitali na koti lake jeupe, mchomeleaji na miwani yake juu ya paji la uso, mwoka mikate akiwa na unga hadi viwikoni, wakulima, washonaji, na watu wazima niliowajua wakiwa wanafunzi wembamba. Kila mmoja alishika kadi. Sikuwa na haja ya kueleza, maana Fundi Baridi alikuwa ameshawapigia simu wote usiku kucha.

Nilipiga mihuri hadi kifundo cha mkono kikavimba. Vitabu tulivitoa kwa mpangilio wa rafu, hivyo watu hawakuchagua.

"Mama, umenipa cherehani," mchomeleaji alilalamika. "Mimi na cherehani wapi na wapi?"

"Kitunze."

"Nikirudisha niandike nini?"

"Andika kwamba uliiona sindano ukaikimbia."

Foleni nzima ikaangua kicheko, naye akakiweka kitabu ndani ya ovaroli, kifuani. Mwoka mikate alikuta kitabu chake cha tanuri kimebaki mezani kwangu na yeye kapewa vya umeme wa jua.

"Kile ni cha kwangu mimi," nilimwambia. "Nitaazima 'Uongo' wako, nicheke nikiwa na huzuni."

Watu sitini na wawili, vitabu vitano kila mmoja. Na mimi kimoja. Saa kumi na moja jioni kwenye rafu kilibaki kitabu kimoja peke yake, na hicho nilikibakiza kwa makusudi, nikakihamishia mezani kwangu.

Ijumaa saa tatu lori lilirudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi. Shemeji aliingia na wapakiaji wawili wenye magunia. Alisimama katikati ya chumba akazitazama rafu, zote tupu.

"Viko wapi?"

"Vimeazimwa." Nikamgeuzia daftari.

"Vyote?"

"Tuna wasomaji wazuri."

"Virudishwe leo hii!"

Nikamwonyesha fremu. Alisoma, na nilimwona midomo ikicheza alipofika sheria ya nane.

"Hii ni hujuma," alisema. "Nitakuandikia barua ya kukusimamisha kazi."

"Andika. Mkono wenyewe umevimba, utapumzika."

"Unadhani natania?"

"Sidhani. Na wewe usidhani nitakulilia. Ukinifukuza nitaondoka na kichwa changu juu, lakini vitabu hivi havitakwenda kubeba mayai." Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. "Kimebaki kimoja, shemeji. Hicho sikumpa mtu. Kama ni uchafu, kipeleke mwenyewe kwenye lori. Kwa mkono huo ulio mfukoni."

Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa ukurasa wa themanini na nane. Wapakiaji walianza kuchunguza sakafu. Yeye hakusogea, kisha akasogea, akainama.

Mimi maneno yale nayajua kwa moyo. "Nimeufuata mchoro huu. Umenirusha mpaka ukutani. Waya wa kahawia na wa kijani zimebadilishwa. Wewe unayekuja nyuma yangu, usiufuate, nakuomba." Yana tarehe ya miaka ishirini na mmoja iliyopita, na herufi za jina lake. Alikuwa na bandeji hadi kwenye kiwiko, na mimi ndiye niliyemshikia kitabu kisiteleze wakati anaandika. Mwezi mzima nilimfungia vifungo vya shati kila asubuhi.

"Tangu uandike hayo," nilimwambia, "hakuna mwanafunzi mwingine aliyeungua kwenye karakana ile. Hata mmoja. Kila mwaka wanakuja, wanakusoma, wanabaki na vidole vyao. Hiyo ndiyo aibu unayoificha?"

Nje dereva alizima injini.

Shemeji aliutoa mkono wa kushoto mfukoni, akaubana ukurasa kwa vile vidole viwili visivyokunjika.

"Yamefifia," alisema.

Nikachomoa penseli kwenye kilemba changu nikampa. Akaanza kupitisha penseli juu ya maneno yake ya zamani, herufi moja baada ya nyingine, polepole, na alipofika kwenye "nakuomba" akakandamiza zaidi. Alipomaliza aliivuta kadi ya nyuma ya kitabu, akasaini. Mimi nikagonga muhuri.

"Hakuna mzigo," aliwaambia wapakiaji. Kwangu alisema bila kuniangalia, "Barua bado inakuja. Mkuu wa chuo atazikuta rafu tupu, siwezi kuizuia."

"Sijakuomba uizuie, shemeji."

Alitoka na kitabu kifuani. Hakuelekea ofisini. Alielekea karakana.

Barua ilikuja Jumatatu, siku ya mkaguzi, ikiwa na muhuri mkubwa na nafasi ya kusaini kwamba nimeipokea. Ilisema ninasimamishwa kazi kwa kuazimisha vitabu vyote vya teknolojia kwa wakazi wa mji, kinyume na agizo. Niliisoma nikiwa nimesimama, hadi mwisho, kama ninavyosoma kitu chochote. Kisha nikachomoa penseli kwenye kilemba, nikaandika pembeni: "Nimefanya. Imefanya kazi." Nikaweka tarehe na herufi za jina langu, nikairudisha.