Mkeka wa Mwenye Chuma

Shafii aliuawa na chuma kilichotoka angani, mchana kweupe, huko Kizuka, akichochea moto chini ya pipa la mawese. Redio ilisema ni tangi la roketi. Wenyewe wakishaituma juu, mkia wake hauongozwi tena. Unazunguka huko mpaka unachoka, kisha unaanguka popote. Popote penyewe ndipo alipokuwa amesimama Shafii wetu.

Sasa, sisi Waswahili wa Rumonge tuna desturi. Gari lako likiua mtu, au ng'ombe wako akiua, unakuja kwenye kilio. Unavua viatu, unaketi mkekani, unasema pole, hata kama umekuja mikono mitupu. Ndipo matanga yanaondolewa.

Kwa hiyo mjane, Kulthumu, alikataa yasiondolewe. Radjabu, kaka wa marehemu, alimbembeleza kwamba watu wamechoka na mchele unaisha. Akajibiwa mwenye chuma hajafika. Chuma chenyewe kiliwekwa nyuma ya jiko, na Kulthumu alikisugua damu kwa mikono yake, kwa sababu chombo cha mtu hakirudishwi kichafu.

Nyumba ilijaa, na panapojaa watu maneno hayakosi. Jirani yetu Pascasie alisema mtu anayefika mbinguni hawezi kukosa nauli ya Rumonge. Kulthumu alicheka kidogo, halafu akaendelea kutazama barabara.

Siku moja gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka mtu wa serikali, wa komine, nyuma yake mgeni wa mbali na vijana wa kubeba. Ee, tulivyokimbia! Tukatandika mkeka mpya, tukaleta maji ya kunawa, wali, ndagala za kukaanga. Tukawaonyesha pa kuvua viatu, wakavua. Mgeni alikula kwa adabu kabisa. Kulthumu akatoka chumbani, akaketi mbele yake, akangoja.

Mtu wa komine akakohoa.

"Murakoze kwa chakula, mama. Hawa wamefuata kile chuma. Kwa sheria ni mali ya wenyewe. Kiko wapi?"



"Kumbe mwenyewe anajulikana," Kulthumu akasema.

"Anajulikana, mama."

"Anajua kiliua mtu?"

Akamtafsiria mgeni. Mgeni alisema maneno marefu, akiangalia mikono yake. Yaliyotufikia yalikuwa mafupi: yeye ametumwa kubeba tu, hayo mengine yana watu wake.

Kulthumu akanyoosha kidole nyuma ya jiko. Wakavaa glovu, wakakifunga kile chuma kwa shuka jeupe, taratibu, kona kwa kona, kama tulivyomfunga Shafii. Mgeni alitoa ishara ya kushukuru kwamba kimetunzwa kisafi.

Gari lilipoondoka, Kulthumu aliukung'uta mkeka wali ukamwagika, akaukunja mwenyewe.

"Shemeji," akamwambia Radjabu, "waambie watu waende makwao. Hakuna anayekuja."

Pascasie alianza kukusanya sahani.