Ramani ya Kufikia Mradi

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili usihangaike kumtafuta miongoni mwa watu nitakaowataja, maana bosi wangu naye yumo na utashawishika.

Kazi yangu ni kupokea maombi ya ruzuku za serikali. Kikundi kikitaka fedha za mradi, karatasi zake hupita kwanza mezani kwangu. Zikikamilika nazigonga mhuri, zisipokamilika zinarudi zilikotoka. Kabla ya hapo nimebeba magunia, nimeuza viatu ambavyo cha kulia na cha kushoto havikuzaliwa pamoja, nimetolewa vyombo nje na wenye nyumba watatu. Kwa hiyo nilipopewa kiti cha ofisini chenye magurudumu nilikiheshimu. Ubaya ni kwamba nikaanza kujiheshimu na mimi.

Mwaka ule serikali ilitenga ruzuku kwa nyumba zinazowapokea wanawake waliopigwa au kubakwa, pamoja na watoto wao. Maombi yakaanza kuingia, kila moja na mtindo wake. Wengine waliandika kurasa arobaini, wengine nusu ukurasa nyuma ya kalenda. Barua moja ilianza kwa sala na kuishia kwa sala, katikati hamna kitu. Mkurugenzi wangu ni mtu anayependa vitu vilingane. Hata kalamu zake huzipanga kwa urefu. Akaniita.

"Nataka fomu moja," akasema. "Nchi nzima, fomu moja. Nakupa mpaka Ijumaa."

Sasa angalia nilivyofanya. Nilichukua fomu ya visima vya vijijini, ambayo tuliitumia miaka sita bila lawama, nikaiamuru kompyuta ifute neno "kisima" kila lilipo na kuweka "nyumba ya hifadhi." Kufumba na kufumbua, tayari. Nikaipitia juu juu, nikakuta inauliza nyumba ya hifadhi ina kina cha mita ngapi. Nikacheka peke yangu mpaka machozi, nikafuta swali hilo. Nilipomaliza kucheka nikadhani nimemaliza na kusahihisha. Ijumaa kikaoni walinipigia makofi, wakanibatiza jina la Bwana Fomu. Nikavikwa kilemba cha ukoka, nami nikakiweka sawa kichwani nisionekane mshamba.

Kanuni nazo zilikuwa zile zile za visima. Kisanduku kimoja kikiwa kitupu, ombi linarudi. Na maombi yaliyokamilika yanabandikwa kwenye ubao wa nje kwa siku kumi na nne, ili mwananchi mwenye pingamizi aseme. Kwa visima hiyo ni dawa nzuri, kwa sababu kuna wakubwa waliokuwa wakichimbiwa kisima cha kijiji nyuma ya jiko lao.

Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho ya kupokea maombi. Saa kumi jioni dirisha linafungwa. Asubuhi, wakati naingia, nikamkuta mwanaume mmoja amesimama ubaoni. Shati limepigwa pasi mpaka kola inakata, viatu vinang'aa, simu iko mkononi. Alikuwa anasoma ombi la nyumba moja ndogo iliyoanzishwa na walimu watatu wastaafu, watu wanyoofu, waliojaza kila kisanduku. Palipoandikwa "Ramani ya kufikia mradi" walikuwa wamechora kwa penseli, kwa ule mkono wa mwalimu wa jiografia, na mshale wa kaskazini juu.

"Samahani kaka," akaniambia, "hapa pameandikwaje? Macho yangu siku hizi yananisaliti."

Nikainama. "Duka la dawa. Unalipita duka la dawa, unakata kushoto, geti la tatu, la bluu."

"La bluu. Nakushukuru sana. Laiti ofisi zote zingekuwa na watu kama wewe."

"Karibu tena!" nikamwambia, nikaingia ndani napiga mluzi.

Saa nne akaja Mkunga. Ndivyo anavyoitwa na kila mtu, kwa sababu alizalisha wanawake miaka thelathini kabla ya kustaafu na kufungua nyumba ya kuwapokea waliokimbia vipigo. Mwili mdogo, mkoba mkubwa. Aliliweka mezani ombi lake, nililomrudishia wiki moja nyuma. Juu yake nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu HALIJAKAMILIKA, na pembeni nikachora kikatuni cha uso unaolia. Utani wangu huo, nilikuwa nauweka kwenye kila ombi linalorudi.

"Aliyechora hiki ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Karibu kiti. Visanduku vitatu tu vimekuponyoka, tunavijaza sasa hivi unakwenda zako."

"Havikuniponyoka. Nimeviacha." Hakukaa. "Mfadhili wetu wa zamani ameondoka. Ruzuku hii isipotoka nafunga nyumba mwisho wa mwezi, na nina wanawake kumi na mmoja ndani. Nakueleza ujue tunachochezea. Haya, nisomee hapa."

"'Saini ya mkuu wa kaya ya kila mnufaika.'"

"Mnufaika ndiye nani?"

"Si hao wanawake wako?"

"Na mkuu wa kaya?"

Kwenye visima, mkuu wa kaya husaini kwamba amekubali bomba lipite shambani kwake.

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Nimfuate mwanaume aliyemvunja mkewe taya, nimwambie, habari za asubuhi baba, naomba saini yako hapa, kwamba umeridhia akukimbie?"

Nami, kwa kuwa ulimi wangu hukimbia mbele ya akili kama mbuzi aliyekata kamba, nikasema, "Kama hajui kuandika, mama, hata dole gumba linakubalika."

Aliniangalia bila kupepesa. "Endelea. Maliza utani wako, nakusubiri."

Akageuza ukurasa.

"Hapa je?"

"'Picha ya wanufaika wakiwa mbele ya mradi, nyuso zionekane.'"

"Na hapa."

"'Ramani ya kufikia mradi.'" Sauti yangu ilikuwa imepungua, kama redio inayoishiwa betri.

"Una dada?"

"Ninaye. Mdogo wangu."

"Anajua nyumba yangu iko wapi?"

"Hapana."

"Na wewe?"

"Sijui, mama."

"Basi siku shemeji yako akigeuka mbogo, na dada yako akawa kwangu, huyo shemeji akija kwako na machozi na maneno matamu, hutakuwa na cha kumwambia. Hapo ndipo dada yako atapata usingizi. Kazi yangu ni hiyo tu, kijana. Kitanda, na mahali pasipojulikana. Ukiniondolea hilo la pili, nimebaki na gesti."

Hapo nikakumbuka geti la bluu.

"Mama," nikasema, "maombi yaliyokamilika tumeyabandika nje."

"Nje wapi?"

"Ubaoni. Tangu Jumatatu."

"Na ramani?"

"Na kila kitu."

Akashika ukingo wa meza. "Kuna mtu ameyasoma?"

"Kuna mmoja," nikasema, "nimemsomea mimi. Ramani ya wale walimu watatu wastaafu."

Nilitaka anitukane. Ningepata nafuu. Hakunipa hata hiyo. Alitoa simu, akabonyeza, akasema kwa sauti ile ile ambayo nadhani aliwaambia wajawazito wasukume: "Mwalimu, mko wangapi ndani? Sikiliza. Toka nao sasa hivi. Acha mizigo. Watoto mbele." Akasikiliza. "Gari la rangi gani? Limesimama au linapita?" Akasikiliza tena. "Basi usiguse geti. Mlango wa nyuma, pitia uani kwa jirani. Mimi natuma usafiri kule mtaa wa pili."

Wakatoka wote, wanawake saba na watoto tisa, mmoja hana hata kiatu. Mwanaume yule hakupiga kelele wala hakurusha jiwe. Alikaa ndani ya gari lake, mkabala na geti la bluu, mpaka jua likawa la utosi, shati bado limenyooka. Polisi walipofika aliwaambia kwa adabu kwamba anamsubiri mkewe, na kwamba mahali hapo ameelekezwa na ofisi ya serikali. Wakapiga simu kuulizia. Ikawa ni kweli.

Walimu wakafunga nyumba yao siku hiyo hiyo. Ungefanya nini? Geti likishajulikana limejulikana. Hata ulipake rangi gani.

Mimi nilitoka nikauendea ule ubao. Sikuchomoa pini moja moja. Nilivuta karatasi kwa mikono miwili, pini zikaruka kama bisi, na mlinzi akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Kuna hasira inayozunguka ikitafuta mtu wa kumshika kola. Yangu haikuwa na haja ya kuzunguka, mtu mwenyewe alikuwa amevaa viatu vyangu. Lakini nilipokuwa pale, na makaratasi kifuani, nikakumbuka jambo lingine: fomu ile haikupita mikononi mwangu tu. Ilipita kikao cha watu kumi na wanne. Walikunywa chai juu yake. Wakasaini kila ukurasa. Watu kumi na wanne wazima, wenye wake na mabinti, wakasoma "saini ya mkuu wa kaya" na hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Saa tisa na nusu nikaingia kwa Mkurugenzi. Mkunga akanifuata, hakungoja kukaribishwa.

"Nani amekuruhusu kung'oa nyaraka za umma?" Mkurugenzi alikuwa amesimama. "Nakuuliza wewe, Bwana Fomu."

"Hakuna, bosi. Niandikie barua ya onyo, nitaisaini kabla haijakauka. Lakini kwanza pokea ombi la huyu mama. Dirisha linafungwa saa kumi."

"Lina visanduku vitatu vitupu."

"Vinatakiwa viwe vitupu! Mimi ndiye niliyevitoa kwenye visima nikavileta huku. Leo nyumba moja imekufa kwa ajili ya visanduku hivyo, na ilikuwa imevijaza vyote, kama tulivyoagiza."

"Hao walimu wangeweza kuweka sanduku la posta."

"Tungewarudishia, bosi. Mimi mwenyewe ningewarudishia, na kikatuni."

Akakaa, akazisogeza kalamu zake, ndefu huku, fupi huku. Nilitamani kuzifagia zote sakafuni. "Nisikilizeni," akasema, na sasa sauti ilikuwa ya kubembeleza. "Mimi nina mabinti. Nina uchungu kama nyinyi. Lakini fomu moja maana yake ni fomu moja. Leo nikimpokelea huyu bila anwani, bila picha, bila saini, kesho atakuja tapeli na nyumba ya hewani, atasema, yangu nayo ni siri. Tumeshalipia vitu ambavyo havikuwepo, wewe unajua."

"Najua. Basi aulizwe daktari, aulizwe hakimu, watu wanaomfahamu. Wasaini wao. Hatuhitaji ramani."

"Mwakani tutaifanyia marekebisho."

"Mwakani!" Mkono wangu ulitua mezani bila kuniomba ruhusa. "Mwakani yeye atakuwa amefunga. Bosi, asubuhi hii nimemwelekeza mtu kwa mkewe kama konda anayeita abiria, na akanishukuru! Unataka nimwelekeze na wa pili?"

"Punguza sauti kwenye ofisi yangu."

"Haipungui."

Mkunga alinishika mkono, akanirudisha nyuma kama anayemwondoa mtoto karibu na jiko. Kisha akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akaliweka ombi lake mbele ya Mkurugenzi, sawasawa na ukingo wa meza.

"Mheshimiwa anataka nini hasa?" akauliza.

"Uthibitisho, mama. Mimi si mtu mbaya. Ukitaka nisaini, nionyeshe kitu kimoja, kimoja tu, cha kunihakikishia kwamba hiyo nyumba yako ipo."

"Jumapili polisi wenu wameniletea wanawake watatu," Mkunga akasema. "Juzi hospitali yenu imeniletea wawili, mmoja na kichanga cha siku nne. Kama nyumba yangu haipo, mheshimiwa, hao watano mmewatupa wapi?"