Fidya ya Bi Hadija

Daktari Elinipa ni binti mpole wa Kipare, lakini siku ile alinitibua. "Bibi, kwa sukari na presha hii, ukifunga nitakulaza wodini. Na chumvi uache kabisa." Mimi! Hadija wa Ujiji, niliyefunga tangu sijavunja ungo, leo nile mchana wa Ramadhani kama mtoto mdogo? Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira.

Shehe wetu hapa Kasingirima ndiye aliyenituliza. Maadamu ugonjwa wenyewe si wa kupona, akasema, nitoe fidya: kila siku nisiyofunga, nilishe masikini mmoja. Roho ikatua. Kulisha watu naweza bwana! Nani asiyeujua mkono wangu kwenye migebuka, samaki wetu wa ziwani?

Masikini nilimjua pia. Jirani yangu Mzee Athumani amefiwa na mkewe, na mgongo umemtoa kwenye uvuvi ziwani. Lakini kiburi chake, loo! Mwite masikini uone atakavyokufukuza. Nikajitia ujanja. Jioni nikampelekea bakuli la futari kama majirani wanavyopelekeana, nikamwambia, "Hebu onja mapishi yangu," nikaondoka. Neno fidya sikulitaja.

Kesho yake bakuli likarudi na dagaa; nikalijaza tena futari. Siku iliyofuata likarudi na mihogo. Nikamsifu moyoni, jirani mwenye adabu, harudishi chombo kitupu. Wale dagaa nikawala wote, mjinga mimi.

Jioni moja nikawahi kabla ya adhana, na futari ya samaki kwenye bakuli jingine. Nikamkuta jikoni, jiko baridi, anakung'utia unga wa mwisho kwenye bakuli langu.

"Na daku utakula nini?"

"Maji yapo."

Kumbe siku zote hizo nilikuwa namnyang'anya daku yake, halafu najihesabia thawabu! Ramadhani yangu yote ilikuwa mikononi mwa mtu huyu, nami nilikuwa namshindisha njaa.

"Mzee Athumani, keti," nikasema. "Hili si bakuli la jirani. Ni fidya yangu. Mimi siruhusiwi kufunga, lazima nilishe masikini, na niliyemchagua ni wewe. Ukinirudishia kitu, mimi sina Ramadhani."

Uso ukamwiva.

"Kwa hiyo mimi ni masikini."

"Na mimi ni mgonjwa! Unadhani nimependa kusema hivyo mbele yako? Nimekuja kukuomba, sikuja kukusaidia."

Adhana ikalia. Akaumwaga ule unga kwenye chungu chake. Akapiga bismillahi, akamega samaki, akatafuna taratibu. Nikasimama palepale mlangoni mpaka alipomeza.

Akakunja uso.

"Bi Hadija, kesho tia chumvi. Haya mapishi ya hospitali kula mwenyewe. Anayefunga hapa ni mimi."